Uzi wa wenye pikapu Uganda: raha zake, vituko vyake na safari za gereji

Kijana wa Ediofe

Wakuu, habari za humu. Nyuzi za Premio na Noah zimejaa, ila sisi wa pikapu tunaulizana pembeni kama watu wenye kesi. Tuyaweke hapa yote: gari lako lina raha gani, lina kituko gani, na limekupeleka gereji kwa sababu gani.

Naanza mimi. Niko Arua, nafanya biashara ya simsim na maharage, nateremsha Kampala kisha narudi na vitu vya duka. Gari ni Hilux dabo kabini, lile umbo la Vigo, injini 2KD, yaani 2.5 D-4D, gia za mkono.

Raha yake inategemea nyuma kuna nini. Likiwa na magunia, kutoka Nebbi hadi Luweero unaweza kushika usukani kwa mkono mmoja na kupiga stori. Siku ya kurudi tupu ndipo utajua kwa nini watu hununua Noah. Kila tuta la center zile za baada ya Bombo mkia unaruka na kutua mara mbili, na kwenye murram, barabara ya udongo isiyo na lami, yenye mikunjo mikunjo nyuma inatambaa kwenda pembeni hata kama barabara imenyooka. Shangazi yangu alikaa kiti cha nyuma kutoka Bweyale hadi Pakwach. Aliposhuka alisema asante vizuri tu, akaongeza kwamba kurudi atapanda basi.

Kiti chenyewe cha nyuma kimesimama wima, magoti yako juu, hakuna pa kunyoosha mguu. Wahindi wanaouza vifuniko vya viti watakuambia ongeza sponji. Ukiongeza, kichwa kinakaribia dari.

Maswali yangu: nani amefanikiwa kulainisha gari bila kuharibu uwezo wa mzigo? Na nani amehama kutoka Hilux kwenda D-Max ya Isuzu au L200 ya Mitsubishi, akaona tofauti ya kweli? Nafikiria kubadilisha, ila sitaki kuhamisha tatizo kutoka logbuku moja kwenda nyingine.

Dizeli Busia

Nunua Noah upumzike 😂

Nafuatilia uzi.

Fundi Ndeeba

Kijana wa Ediofe, umeeleza vizuri. Kabla watu hawajaanza kukuuzia magari, nikujibu la springi.

Nyuma ya Hilux kuna springi za mabamba, zimepangwa kubeba karibu tani moja. Ukiwa mtupu mabamba hayana cha kuyakunja, kwa hiyo shimo lote linapanda hadi mgongoni. Hilo ni umbile la gari, huwezi kulifuta. Ila nusu ya mateso ninayoletewa gereji hayatoki kwenye umbile, yanatoka kwenye mambo matatu.

La kwanza ni upepo. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko. Kinaonyesha upepo wa matairi ya nyuma gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, na namba hizo hazifanani. Jamaa wa pancha anajaza ya mzigo siku zote, maana hataki lawama. Unarudi Arua mtupu na upepo wa magunia. Nunua kipimo chako, ukishusha mzigo punguza, ukipakia jaza. Usipunguze halafu ukasahau ukapakia, tairi litachemka na kupasuka.

La pili ni bushi. Kila mwisho wa mabamba una bushi za mpira na zile pingu zinazobembea. Murram ya kwenu inazila. Bushi ikiisha, chuma kinagonga chuma, dereva anasema "shokapu zimekufa", anabadilisha shokapu nne na kelele inabaki palepale. Ingia chini na mtaimbo, weka kati ya pingu na chasisi, sukuma. Ikicheza, hapo ndipo pesa yako iende.

La tatu ni shokapu zenyewe. Ikiwa mkia unatua mara mbili baada ya tuta, za nyuma hazifanyi kazi tena, usidanganyike kwa sababu hazivuji mafuta.

Na tafadhali, mtu asikushauri kuondoa bamba moja ili gari lilainike. Wanafanya sana. Siku ya kupakia, ekseli inagonga juu, bolti ya katikati inakatika, na ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Nimepokea gari linalotembea kimshazari mpaka trafiki analishangaa.

Mama Mahindi

Mimi niko Masindi, L200 yangu ni ile ya umbo la mviringo. Nilitoka kwenye Hilux ya zamani, kwa hiyo kijana, nakujibu moja kwa moja.

Kiti cha nyuma kinashinda cha Hilux, sina wasiwasi na hilo. Ukiitazama pembeni utaona mgongo wa kabini umepinda, walifanya hivyo ili kiti kilale kidogo. Mama yangu ana matatizo ya kiuno na anakaa hapo hadi Kampala. Jambo lingine ni kukata kona. Sokoni ninageuza sehemu ambayo mwenye Hilux anarudi nyuma mara tatu huku boda wanampigia honi.

Kwa mzigo si mbaya, ila sanduku lake la nyuma kwenye umbo hili ni fupi. Magunia ya mwisho yanakaa juu ya mlango wa nyuma, na ukifunga turubai vibaya unagawa mahindi njia nzima.

Kituko: taa za gia ya four, ile ya kuvuta magurudumu yote manne, kwenye dashibodi. Unaweka 4H, taa za mbele zinawaka, ya katikati inapepesa haitaki kutulia. Ukisogea taratibu mita chache inakubali. Wageni wakiona wanadhani limeharibika. Likizidi kupepesa hata ukitembea, hapo ndipo fundi anatafuta swichi za kwenye giaboksi, zinashika maji na kutu.

Fundi Ndeeba

Mama Mahindi, kama injini yako ni 4D56, nisikilize kwa makini. Ina mikanda miwili mbele. Mkubwa ni wa taimingi, mdogo ni wa shafti za kupunguza mtetemo. Watu hubadilisha mkubwa na kuuacha mdogo kwa sababu "bado unaonekana mzima". Mdogo ukikatika, vipande vinaingia kwenye mkubwa, mkubwa unaruka, valvu zinakutana na pistoni. Badilisha yote miwili kwa pamoja na vikazio vyake, na usisubiri kilomita laki moja. Ukinunua gari lililotumika na huna rekodi, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Mama Mahindi

Ilibadilishwa yote miwili, fundi, na mikanda ya zamani nilipewa mkononi kwenye mfuko. Sharti langu siku zote: kitu kilichotolewa kwenye gari langu ninaondoka nacho.

Fundi Ndeeba

Wateja wote wangekuwa hivyo tungeacha kugombana.

Mpakani Mpondwe

Wakuu, naomba nitoe tahadhari kwa wanaotaka Nissan Navara. Ninayo ya umbo la D40, nilinunua bondi Kampala, yaani yadi ya magari yanayoingizwa kutoka nje, ilitoka Uingereza. Kwa starehe ndani sina malalamiko, viti ni vya gari dogo kabisa, na ukitoka Kasese kwenda Mbarara inapanda milima bila kubadilisha gia kila dakika.

Ila magari ya Uingereza yametembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, na D40 huko zilipata sifa mbaya ya chasisi kuoza kwa ndani hadi kukatika katikati, karibu na pale kabini inapoachana na sanduku. Hapa bondi wanapiga rangi nyeusi chini, inang'aa, unaona gari jipya. Nilikwenda na kinyundo kidogo nikagonga chasisi nzima kuanzia mbele. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa na rangi inabanduka vipande. Ya kwanza niliyopenda niliiacha hapohapo, muuzaji akanuna. Hii niliyonayo ni ya pili.

Kingine ni cheni ya injini ya YD25. Watu wanasikia "ina cheni, haina mkanda" wanadhani haina kazi. Za miaka ya mwanzo cheni inalegea. Ukiwasha asubuhi, sikiliza mbele ya injini; mkwaruzo wa sekunde chache kisha unanyamaza, hiyo ndiyo. Wengi huweka ile cheni ya safu mbili iliyokuja baadaye.

Kijana wa Ediofe

Mpakani, umenigusa penye swali jingine. Kuna muuzaji amenitumia picha za Vigo ya 2010, anasema "fresh kutoka Japani". Nayo nikagonge kwa nyundo?

Mpakani Mpondwe

Muulize kwanza ilifikaje Japani 😂 Toyota waliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 wakairudisha Septemba 2017. Vigo yenye usukani wa kulia ukiiona kwetu, mara nyingi imetoka Thailand, Uingereza au Afrika Kusini. Akisema Japani, ama hajui anachouza au anajua sana. Na nyundo nenda nayo.

Halafu hesabu miaka vizuri. Tangu sheria ya 2018, gari lenye umri wa miaka 15 na zaidi haliingii nchini. Ya 2010 kama bado haina namba za Uganda, usilipe chochote kabla hujaona karatasi za forodha.

Dizeli Busia

Haya nimerudi, sasa nachangia kwa akili.

Mimi D-Max, ya 3.0, umbo lililotoka 2012. Kwa ulaini ikiwa tupu, kijana, hutapata nafuu kubwa. Nyuma ni mabamba vilevile. Mbele ndiko kuna tofauti ukilinganisha na D-Max za kwanza, maana zile za zamani mbele zilikuwa na vyuma vya kujipinda, hizi zina springi za kawaida za mviringo, na usukani haukurudishii kila jiwe mkononi.

Kelele ipo. Injini ya 4JJ1 inaongea, wanaokaa nyuma lazima wapaze sauti. Ila ina cheni, inavuta ukiwa chini kabisa kwenye mizunguko, na mlima wa Kapchorwa nikiwa na mbolea sioni haya. Spea kwangu ni rahisi kwa sababu D-Max zinaunganishwa Nairobi, kwa hiyo kilichokosekana Busia hii kipo Busia ya ng'ambo.

Nilichojifunza kwa gari hili ni kuhusu dizeli. Injini hizi zote za kisasa, iwe D-4D, D-Max au Navara, zinasukuma mafuta kwa presha inayopita bar 1,000. Maji kidogo yakiingia, nozeli zinaumia. Nilijaza kituo kimoja njiani, sitakitaja, baada ya mvua kubwa. Taa ya chujio ikawaka kabla sijafika mbali. Nikasimama, nikafungua ile skrubu ya chini ya chujio, nikakinga chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa. Robo nzima maji ya rangi ya chai, juu yake dizeli inaelea. Nilimwaga hadi ikatoka dizeli tupu, nikapampu kwa mkono ile kofia ya juu hadi ikawa ngumu, likawaka. Yule aliyepuuza taa ile akaenda nayo siku tatu ndiye anayelipia nozeli nne na pampu.

Dereva wa Yumbe

Salamu kutoka kambini. Naendesha Land Cruiser 79 ya shirika, ile singo kabini, injini 1HZ, 4.2, silinda sita bila tabo, kati ya Yumbe, kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi na Moyo. Hapa kwenye raha sina la kusema. Kiti kimenyooka, upepo unaingia kwa dirisha, joto la injini linapanda miguuni. Tukikaa watatu, yule wa katikati anaomba Mungu kila ninapoingiza gia ya pili.

Lakini linaondoka. Mvua ya Agosti, tope la mfinyanzi, wenzetu wa pikapu za kisasa wanasubiri trekta, sisi tunapita polepole. Na likigoma, fundi wa chini ya mwembe Koboko analijua. Hakuna kompyuta. Pampu ni ya kimakenika, ina subira na dizeli yetu kuliko hizo zenu za nozeli za umeme. Mkanda wa taimingi nao unao, watu wanasahau kwa sababu gari linaonekana la chuma tupu.

Kituko kimoja kinachowashangaza wageni: kwenye zile za kuanzia 2007, magurudumu ya nyuma yamekaribiana zaidi kuliko ya mbele. Kwenye nyayo za malori unaona mbele limekaa kwenye mfereji na nyuma linapanda ukingo, mkia unasukumwa huku na huku. Siyo chasisi kupinda. Ondoa mguu kwenye mafuta kidogo, litulize, endelea. Anayepambana nalo kwa usukani ndiye anayelala mtaroni.

Mzee wa Rwizi

Mbarara hapa. Ford Ranger 3.2. Ndani ni sebule, njiani ni ndege, nyie endeleeni na mabamba yenu.

Fundi Ndeeba

Mzee wa Rwizi, furahia sebule, ila ukimwaga oili usiende kunywa chai. Pampu ya oili ya injini hiyo ikikaa bila oili zaidi ya dakika kumi hivi inaweza kupoteza mvuto, ukiwasha inazunguka kavu, na taa ya oili haizimi. Andaa chujio na oili mpya mkononi kabla hujafungua bolti ya chini. Hawa vijana wa kuosha na kumwaga oili barabarani wanaiacha idondoke "hadi tone la mwisho" wakidhani wanakusaidia.

Mzee wa Rwizi

Duh. Fundi, asante. Nakaa nao hapohapo kuanzia sasa.

Fundi Ndeeba

Sasa nirudi kwa mwenye uzi, maana 2KD yake ina jambo ambalo hajalitaja na pengine hajui kama lipo.

Chini ya kila nozeli kuna kishiti cha shaba. Bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana. Kikichoka, moshi wa silinda unavuja kupanda juu kwenye kifuniko cha valvu, unachanganyika na oili na kuigeuza lami. Lami hiyo inateremka hadi kwenye sampo, karai la oili chini ya injini, inaziba chujio la wavu ambalo pampu ya oili inavutia. Oili ipo tele, kijiti kinaonyesha imejaa, lakini haipandi. Taa ya oili inawaka mlimani, mwenye gari anasema ni sensa, anafika Kampala na beringi za krenki zimeliwa. 1KD ya 3.0 nayo ina ugonjwa huohuo.

Namna ya kujua mapema: injini ikiwa ya moto, iko sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi mwembamba ni kawaida. Ukitoka kwa kusukumwa, "puf puf puf" inayofuata mzunguko wa injini, shuku vishiti. Kisha weka tochi ndani uangalie vyuma: oili iwe ya kuteleza. Ukiona ganda jeusi, teremsha sampo uangalie wavu. Nimeukuta umejaa makombo meusi kama masalio ya kahawa, gari likiwa bado linatembea vizuri kabisa.

Vishiti vikibadilishwa, kiti cha kila nozeli kisafishwe hadi chuma king'ae. Wengi wanaweka shaba mpya juu ya kaboni ya zamani na baada ya miezi wanarudi palepale. Na zile nozeli zina namba. Kila moja irudi silinda yake, usichanganye.

Kijana wa Ediofe

Fundi, nimekwenda kufungua kifuniko baada ya kusoma. Hakuna puf puf, chuma ni cha kahawia, hakina ganda. Vishiti nitabadilisha hata hivyo nikishuka Kampala, nikuletee wewe. Ila kuna kitu kingine: nikiondoka gia ya kwanza, chini kunatoa "kogo" moja. Nikisimama, "kogo" nyingine. Fundi wa hapa anasema difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma, imekwisha.

Fundi Ndeeba

Asiiguse difu kwanza. Kwenye propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, kuna viungo vya misalaba na kuna sehemu inayoteleza kuingia na kutoka. Zina vichuchu vya grisi. Ni wangapi humu wamewahi kuona gereji ikiwekea propela grisi kwenye servisi? Pigia grisi vile vichuchu, futa vumbi kwanza usije ukaliingiza ndani. Kwenye ile inayoteleza weka kiasi, ukijaza sana inashindwa kurudi. Endesha kesho yake uniambie.

Kijana wa Ediofe

Kogo imekwisha. Fundi wa hapa amenyamaza, anasema "hata hiyo inasaidia".

Nimeshusha upepo pia baada ya kuteremsha mzigo. Mkia bado unaruka ila hautambai tena kwenye murram kama mwanzo. Bushi za pingu upande wa kushoto zinacheza, nimeagiza. Kwa hiyo wakuu, D-Max isubiri. Shida nyingi nilizokuwa nataka kuzikimbia kwa kubadilisha gari zilikuwa za grisi na mpira, na L200 ya Mama Mahindi ningeitamani kwa ajili ya shangazi tu.

Dizeli Busia

Shangazi mwenyewe amekwisha kuzoea basi.

Mama Mahindi

Fundi, kabla hujaondoka. Nimefunga kifuniko cha juu nyuma, cha kufunika sanduku lote. Vumbi la murram linaingia kuliko nilipokuwa na turubai! Mahindi yanatoka mekundu.

Fundi Ndeeba

Ni kawaida, mama. Gari likikimbia, nyuma yake hewa inakuwa nyepesi na inavuta vumbi kuingia kupitia mwanya wa mlango wa nyuma. Turubai lilikuwa linapumua mbele, kifuniko kimezibwa. Nunua mpira wa kuziba milango, ule wenye gundi, zungusha ukingo wote wa mlango wa nyuma, hasa chini kwenye bawaba, huko ndiko kuna mwanya ambao watu hawauoni. Kisha kidirisha cha mbele cha kifuniko, kile kinachotazama kabini, kiache wazi kidole kimoja ili hewa iingilie mbele. Ndani ya kabini funga madirisha, weka feni namba mbili ikivuta hewa ya nje, usiweke ile ya kuzungusha ya ndani. Vumbi litakosa pa kuingilia.

Mama Mahindi

Mpira huo Masindi unapatikana, au niagize?

Fundi Ndeeba

Upo duka lolote la vioo vya magari. Pima ukingo kwa kamba kabla hujaenda, wanauza kwa mita.